Dirisha la Kuhuisha na Takwimu Zinazochelewa: Utendakazi wa Uhuishaji wa Nyongeza katika Zana za Uchanganuzi wa Data

Ikisiri

Zana za kisasa za uchanganuzi wa data huziwezesha taasisi kuhuisha sehemu tu ya data badala ya kupakia upya historia nzima. Njia hiyo, inayoitwa katika makala haya uhuishaji wa nyongeza, hupunguza muda, gharama na mzigo wa seva. Hata hivyo, imejengwa juu ya dhana kwamba data za zamani hazibadiliki tena. Makala haya yanafafanua utendakazi wa njia hiyo kwa kutumia Power BI kama mfano mkuu, kisha yanailinganisha na utaratibu wa DHIS2, mfumo unaotumiwa na wizara za afya za Afrika Mashariki na Kati. Hoja inayoendelezwa ni kwamba urefu wa dirisha la kuhuisha, pamoja na uteuzi wa tarehe inayoliongoza, ni maamuzi yanayogusa moja kwa moja takwimu zinazomfikia mtunga sera, na kwa hiyo hayafai kuachiwa fundi wa mfumo peke yake.

1.0 Utangulizi

Katika vikao vya tathmini ya utendaji si ajabu maofisa wawili kuleta idadi mbili tofauti za jambo moja, za mwezi mmoja na wilaya moja, kila mmoja akisisitiza kwamba ameitoa katika mfumo ule ule wa serikali. Kwa kawaida lawama humwangukia aliyeingiza data au aliyezijumlisha. Mara nyingine, hata hivyo, hakuna aliyekosea. Mmoja amesoma kutoka kwenye hifadhidata yenyewe. Mwingine amesoma kutoka kwenye dashibodi iliyobeba nakala ya hifadhidata hiyo, na nakala hiyo huhuishwa kwa sehemu tu. Sehemu iliyoguswa inalingana na chanzo. Sehemu isiyoguswa imebaki na takwimu za siku ilipopakiwa, iwe ni wiki iliyopita au miaka miwili nyuma, na hakuna alama yoyote kwenye grafu inayomwonyesha msomaji mpaka kati ya sehemu hizo uko wapi.

Mpaka huo ndio unaoshughulikiwa hapa. Kabla ya kuuingia, istilahi mbili zinahitaji ufafanuzi. "Kuhuisha" kunatumika kwa maana ya kuifanya nakala ya data ilingane na chanzo chake kwa wakati fulani. Ni neno lililokwisha kuzoeleka katika shughuli za umma, ambako wananchi huombwa kuhuisha taarifa zao. "Uhuishaji wa nyongeza" ni kuhuisha kunakogusa sehemu iliyochaguliwa tu. Istilahi hii si kamilifu, kwa kuwa neno "nyongeza" linamfanya msikilizaji adhani kwamba kinachofanyika ni kuongeza mapya juu ya ya zamani. Zipo zana zinazofanya hivyo hasa, na zipo zinazoondoa sehemu nzima na kuipakia upya. Tofauti hiyo ni chimbuko la makosa mengi, kama itakavyoonekana. Sehemu ya jedwali inayohifadhiwa na kuhuishwa peke yake itaitwa "fungu". Mafungu ya jedwali yanafanana na mafungu ya nyanya sokoni: moja laweza kubadilishwa lote bila jirani yake kuguswa.

2.0 Kutoka kupakia yote hadi kupakia sehemu

Zana kama Power BI, Tableau na Qlik hufanya kazi kwa kasi kwa sababu aghalabu haziulizi chanzo kila mtumiaji anapobofya. Hunakili data kwanza, huzibana safuwima kwa safuwima, na kujibu maswali kutoka kwenye nakala hiyo. Faida yake ni mbili: mtumiaji hapati usumbufu wa kusubiri, na mfumo wa chanzo, ambao kazi yake ni kupokea miamala au ripoti, hausumbuliwi na watazamaji wa grafu. Gharama yake ni kwamba nakala huanza kuchakaa mara tu inapokamilika.

Njia rahisi ya kuhuisha nakala ni kuifuta yote na kuipakia yote. Njia hii ina fadhila moja kubwa: usahihi wa nakala ya leo hautegemei kilichofanyika jana. Kila kosa lililorekebishwa kwenye chanzo, hata la miaka minne iliyopita, hurekebishika pia kwenye nakala. Lakini kazi hukua kadiri historia inavyokua, ilhali mapya ya siku moja hubaki kiasi kile kile. Jedwali la miaka mitano hupakiwa lote ili kupata ripoti za wiki moja. Aidha, huduma za mtandaoni huweka ukomo. Katika Power BI, uhuishaji uliopangwa kwa ratiba hukatizwa ukizidi saa 2 katika huduma ya kawaida na saa 5 katika huduma ya Premium. Na leseni ya Pro huruhusu ratiba ya mara 8 tu kwa siku. Taasisi ambayo data zake husafiri kupitia kiungo cha intaneti kisichotabirika huufikia ukomo huo mapema.

Wazo la kuhuisha kilichobadilika tu lilitangulia zana hizi kwa miaka mingi. Mwaka 1986 Blakeley, Larson na Tompa walichapisha kazi kuhusu namna ya kuhuisha kwa ufanisi majedwali yaliyokokotolewa kutokana na majedwali mengine, na mwaka 1993 Gupta, Mumick na Subrahmanian wakaliendeleza wazo hilo. Katika kazi za aina hiyo mabadiliko hujulikana: hifadhidata yenyewe ndiyo inayofahamu ni safumlalo zipi zimeingizwa, zimefutwa au zimebadilishwa, na kinachotafutwa ni kanuni ya kuyahamishia mabadiliko hayo kwenye jedwali lililokokotolewa bila kuanza upya. Zana za uchanganuzi zimelichukua lengo hilo bila kuwa na sharti lake. Zenyewe zimesimama nje ya chanzo. Kwa kawaida hakuna anayeziambia kilichobadilika. Hivyo hukisia, na kinachotumika kukisia ni tarehe.

3.0 Mafungu na dirisha: mfano wa Power BI

Power BI ilianza kutoa uhuishaji wa nyongeza mwaka 2018 kwa wateja wa Premium, na mwaka 2020 ikaufungua kwa leseni ya Pro. Utaratibu wake unaanza kwa vigezo viwili vyenye majina maalumu, RangeStart na RangeEnd, vyote vikiwa vya aina ya tarehe na saa. Msanifu wa modeli huweka kichujio kwenye safuwima ya tarehe ili zipokelewe tu safumlalo zilizo kati ya vigezo hivyo viwili. Kisha hutangaza sera yenye vipindi viwili: kipindi cha kuhifadhi, kwa mfano miaka 5, na kipindi cha kuhuisha, kwa mfano miezi 3. Kipindi hiki cha pili ndicho dirisha.

Modeli inapohuishwa kwa mara ya kwanza mtandaoni, data zote za kipindi cha kuhifadhi hupakiwa na kukatwa mafungu kwa mwaka, robo mwaka, mwezi au siku, kulingana na sera. Kuanzia hapo, kila uhuishaji hugusa mafungu yaliyo ndani ya dirisha tu. Fungu linaloguswa huondolewa lote na kupakiwa upya. Yaliyo nje ya dirisha hayasomwi kabisa. Dirisha husogea mbele pamoja na kalenda. Mafungu madogo yanayoachwa nyuma huunganishwa: siku huwa mwezi, miezi huwa robo, robo huwa mwaka. Fungu linalovuka kipindi cha kuhifadhi hutupwa. Kwa sera iliyotajwa, kazi ya kila siku inahusu takribani miezi 3 kati ya 60, yaani asilimia 5 ya historia. Uokoaji huo ni halisi, na hakuna sababu ya kuubeza.

Kuna mambo matatu katika utaratibu huu yanayoonekana kuwa madogo lakini huamua kama takwimu zitakuwa sahihi.

La kwanza ni alama za kichujio. Upande mmoja wa kichujio lazima useme "kubwa kuliko au sawa na", na upande wa pili useme "ndogo kuliko". Pande zote mbili zikiruhusu usawa, safumlalo iliyo kwenye mpaka huingia katika mafungu mawili. Kwa data za miamala, ambazo saa zake zimetawanyika, kosa hilo huenda lisionekane kwa muda mrefu. Kwa ripoti za kila mwezi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu desturi ni kuuandika mwezi wote kwa tarehe yake ya kwanza. Ripoti ya Machi huandikwa tarehe 1 Machi, ambayo ndiyo mpaka wa fungu la Februari na fungu la Machi. Kila ripoti imekaa mpakani. Mafungu yakiwa ya mwezi, kila safumlalo huhesabiwa mara mbili. Mafungu yakiwa ya mwaka, ni Januari pekee inayorudufika, na mchanganuzi asiye na habari anaweza kuandika aya nzima kuhusu ongezeko la wagonjwa kila mwanzo wa mwaka.

La pili ni mahali ambapo kichujio kinafanya kazi. Chanzo kikiwa ni hifadhidata inayoelewa maulizo, Power BI hukitafsiri kichujio na kukituma huko, na chanzo hurudisha safumlalo zilizoombwa tu. Chanzo kikiwa ni faili, au huduma ya mtandao isiyopokea masharti hayo, data zote huletwa kwanza na kuchujwa baada ya kufika. Matokeo ni yale yale, ila kazi haikupungua; kwa kweli imeongezeka, kwa kuwa kila fungu laweza kuziomba data zote upya. Taasisi hudhani imesakinisha uhuishaji wa nyongeza, kumbe imesakinisha jina lake tu.

La tatu ni saa. Kwa kawaida huduma hiyo huhesabu siku kwa saa za kimataifa, UTC, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa 3. Siku mpya kwa mfumo huanza Nairobi, Kampala na Dar es Salaam ikiwa ni saa tisa usiku. Uhuishaji uliopangwa saa nane usiku, muda ambao mafundi wengi huupenda kwa kuwa mtandao umetulia, kwa mfumo bado ni jana. Kwa dirisha la miezi 3 tofauti hii si kitu. Kwa dirisha la siku 1, au pale msanifu anapochagua kuhuisha siku zilizokamilika tu, inaweza kuacha siku nzima nje.

Ipo pia hiari ya kugundua mabadiliko. Msanifu hutaja safuwima ya pili inayobeba muda wa badiliko la mwisho, tofauti na ile inayogawa mafungu. Kabla ya kulipakia fungu, mfumo huangalia thamani ya juu kabisa ya safuwima hiyo; isipokuwa imesogea tangu uhuishaji uliopita, fungu hurukwa. Wapo wanaoichukulia hiari hii kuwa dawa ya data zinazorekebishwa baadaye. Sivyo. Hukagua mafungu yaliyo ndani ya dirisha pekee. Kazi yake ni kupunguza mzigo zaidi, wala haifungui yaliyokwisha kufungwa.

4.0 Tarehe mbili za ingizo moja

Kila ingizo katika mfumo wa taarifa lina angalau tarehe mbili. Ya kwanza ni tarehe ya tukio: mwezi ambao wagonjwa walitibiwa, siku ambayo mauzo yalifanyika. Ya pili ni tarehe ya kumbukumbu: siku ambayo tukio hilo liliingizwa, au lilirekebishwa mara ya mwisho, katika mfumo. Katika benki au duka lenye mashine ya malipo tarehe hizi mbili hukaribiana sana, na ni katika mazingira hayo uhuishaji wa nyongeza ulipokulia. Katika takwimu za sekta ya umma hutengana kwa wiki, miezi, wakati mwingine mwaka.

Mfano wa kubuni unatosha kuonyesha matokeo yake. Zahanati moja inatuma ripoti ya Machi yenye wagonjwa 412 wa malaria. Mwezi Septemba timu ya ukaguzi inafika, inalinganisha ripoti na rejista ya karatasi, na kubaini kwamba tarakimu zilipinduliwa: wagonjwa walikuwa 142. Rekebisho linaingizwa katika mfumo siku hiyo hiyo. Modeli yenye dirisha la miezi 3 linaloongozwa na tarehe ya tukio haitaliona, kwa kuwa Machi imekwisha kutoka dirishani. Dashibodi itaendelea kuonyesha 412 mwezi hadi mwezi. Anayekadiria mahitaji ya dawa za mwaka ujao kwa kutumia dashibodi hiyo atakuwa ameongeza wagonjwa 270 wasiokuwepo, kutoka zahanati moja katika mwezi mmoja. Kosa la kinyume, la ripoti iliyochelewa kabisa, ni la kawaida zaidi na lina madhara makubwa zaidi. Kituo kilichokosa kuripoti Machi, kikaleta ripoti yake Agosti, kitaonekana daima kama kituo ambacho hakikuwa na mgonjwa. Na vituo vinavyochelewa si vituo vyovyote tu. Aghalabu ni vile vilivyo mbali, visivyo na umeme wa uhakika wala mtumishi wa takwimu. Upungufu hauwi wa kubahatisha. Huelemea upande mmoja, upande wa wale ambao sera ya ugawaji ilikusudia kuwafikia.

Suluhisho linalojitokeza haraka ni kuliongoza dirisha kwa tarehe ya kumbukumbu badala ya tarehe ya tukio. Katika Power BI hatua hiyo huleta tatizo jingine. Ingizo linapokuwa limerekebishwa, tarehe yake ya kumbukumbu hubadilika, nalo huhama kutoka fungu la zamani kwenda jipya. Fungu jipya litalipokea likiwa na 142. Fungu la zamani, lililo nje ya dirisha, halitaarifiwa kwamba limeachwa, na litaendelea kulishikilia likiwa na 412. Jumla ya Machi sasa ni 554. Badala ya takwimu iliyopitwa na wakati, imepatikana takwimu ambayo haikuwahi kuwa kweli siku yoyote.

Tableau, katika uhuishaji wake wa nyongeza wa asili, hufikia mahali hapo hapo kwa njia fupi zaidi. Mtumiaji huteua safuwima moja ya tarehe au ya namba, na zana huongeza safumlalo zote zenye thamani inayozidi ile ya juu kabisa iliyokwisha kuhifadhiwa. Hapa neno "nyongeza" lina maana yake halisi: hakuna kinachoondolewa. Safumlalo iliyorekebishwa ama haionekani, ama huonekana mara mbili, kutegemea safuwima iliyoteuliwa. Qlik huchukua njia tofauti, yenye kazi zaidi kwa mwandishi wa programu lakini salama zaidi. Hati ya upakiaji huomba safumlalo zilizobadilika, kisha huongeza kutoka kwenye faili ya zamani zile tu ambazo funguo zake hazimo katika mpya, na mwisho yaweza kulinganisha orodha yote ya funguo na chanzo ili kuondoa zilizofutwa. Masharti yake ni kwamba kila safumlalo iwe na ufunguo usiojirudia, na kwamba chanzo kiwe na muhuri wa muda unaoaminika. Sharti hili la pili huvunjika mara nyingi kuliko inavyodhaniwa: data zikihamishwa kwa mkupuo kutoka seva moja kwenda nyingine, mihuri yote yaweza kusoma tarehe ya siku ya kuhama.

5.0 Funzo la DHIS2

DHIS2, mfumo unaoendelezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, unatumika katika wizara za afya za Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nchini Tanzania ndiko zinakoingizwa kwa njia ya kielektroniki ripoti za MTUHA, ambazo chimbuko lake ni rejista za karatasi zinazojazwa kituoni. Mfumo huu haukuanza kama zana ya uchanganuzi wa biashara, ila umekutana na tatizo lile lile na kulijibu kwa namna inayofaa kuchunguzwa.

Thamani inapoingizwa katika DHIS2 hukaa kwenye jedwali la msingi, lakini majedwali ya takwimu na ramani hayasomi hapo. Husoma majedwali maalumu ya uchanganuzi, yaliyogawanywa kwa mwaka, ambayo hujengwa upya na kazi ya ratiba, kwa kawaida usiku. Ndiyo maana mwingizaji data anayehifadhi ripoti asubuhi na kufungua grafu mchana huweza kudhani kazi yake imepotea. Matoleo ya miaka ya karibuni yameongeza uhuishaji endelevu: majedwali yote hujengwa upya mara moja kwa siku, na katikati ya siku mfumo hukusanya yaliyobadilika tangu ujenzi huo na kuyaweka katika fungu dogo la pekee.

Jambo la kuzingatia ni namna fungu hilo linavyojazwa. Kinachoangaliwa ni muda wa badiliko la mwisho, si kipindi cha ripoti. Rekebisho la Machi lililoingizwa Septemba huingia fungu dogo mchana huo huo, na thamani ya zamani huondolewa kwenye fungu la mwaka wake ili isihesabiwe mara mbili. Thamani iliyofutwa nayo haitoweki katika jedwali la msingi. Huwekewa alama ya kufutwa, hivyo kufutwa kwenyewe kunakuwa badiliko linaloonekana. Kisha usiku kila kitu hujengwa upya, na kosa lolote lililojipenyeza mchana halidumu. DHIS2 imeweza hayo kwa sababu mchanganuzi na chanzo vimo ndani ya mfumo mmoja. Kinachojua kilichobadilika ndicho kinachohuisha.

Ugumu hurudi pale wizara, mradi au mfadhili anapozitoa data hizo na kuzipeleka katika Power BI ili kuziunganisha na bajeti au sensa. Data hutoka kupitia kiolesura cha mtandao, na kichujio cha Power BI hakitafsiriwi chenyewe kwenda huko; msanifu lazima aviandike vigezo katika anwani ya ombi kwa mkono. Kiolesura cha DHIS2 kinaweza kuombwa thamani zilizobadilika tangu tarehe fulani, zikiwemo zilizofutwa, na kwa hiyo taarifa inayohitajika ipo. Ila mafungu ya Power BI hayana namna ya kupokea safumlalo moja ya Machi na kuiingiza mahali pake. Hujua kubadilisha fungu zima tu. Kwa hiyo panahitajika ghala la kati, yaani hifadhidata inayopokea mabadiliko na kuyaunganisha kwa ufunguo wa kituo, kipengele na kipindi. Ghala hilo linaweza pia kuweka orodha ya miezi iliyoguswa, ili mafungu ya miezi hiyo yahuishwe kwa amri maalumu hata kama yako nje ya dirisha. Miradi mingi huiruka hatua hii kwa sababu ya gharama. Ni akiba ya bei ghali.

6.0 Kinachofutwa

Kati ya mabadiliko yote, kufuta ndiko kugumu zaidi kukugundua, kwa kuwa safumlalo iliyofutwa kabisa haina muhuri wa muda wa kusomwa. Hata ile hiari ya kugundua mabadiliko haisaidii hapa: safumlalo ikiondolewa, thamani ya juu ya safuwima kwa kawaida hubaki ilivyokuwa, na fungu hurukwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kwa takwimu za jumla matokeo yake ni idadi isiyo sahihi. Kwa data za mtu mmoja mmoja, swali linakuwa la kisheria. Sheria za ulinzi wa data za Kenya na Uganda, zote za mwaka 2019, ya Rwanda ya mwaka 2021, na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinatambua kwa viwango tofauti haki ya mhusika kutaka taarifa zake zirekebishwe au zifutwe. Taasisi inayotekeleza ombi hilo kwenye mfumo wa chanzo, na kuwa na modeli inayohuishwa kwa nyongeza, bado inamhifadhi mhusika katika mafungu ya zamani. Ofisa aliyethibitisha kwa maandishi kwamba taarifa zimefutwa amesema kweli kuhusu chanzo tu. Mikataba ya usindikaji wa data hutaja nakala za akiba mara kwa mara. Mafungu yaliyofungwa ya modeli za uchanganuzi nayo yanastahili kutajwa humo.

7.0 Nani anaamua urefu wa dirisha

Katika taasisi nyingi dirisha huwekwa na fundi, kwa kigezo cha muda wa upakiaji. Kigezo kinachofaa ni kingine: ucheleweshaji wa data zenyewe. Chanzo kikiwa na tarehe zote mbili, tofauti kati yake inaweza kukokotolewa kwa kila ingizo, na kuonyesha ni sehemu gani ya marekebisho huja ndani ya mwezi mmoja, mitatu, sita au kumi na miwili. Dirisha hupimwa kwa mgawanyo huo, na kwa kila mkoa au kaunti kivyake kwanza, kwa kuwa wastani wa taifa hufunika vituo vinavyochelewa zaidi. Kalenda ya bajeti nayo ina neno. Mwaka wa fedha wa Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda huanza Julai na kwisha Juni, na marekebisho ya robo ya kwanza huja kwa wingi wakati wa kufunga hesabu. Dirisha la miezi 3 mwezi Juni halifiki Julai iliyopita.

Dirisha lolote litakalochaguliwa litaacha kitu nje. Kwa hiyo linahitaji kuambatana na uhuishaji wa jumla kwa vipindi vinavyojulikana, na upatanisho wa jumla za kila mwezi kati ya chanzo na modeli, jedwali dogo lisilozidi safumlalo 60 kwa miaka mitano. Upatanisho huo haugharimu karibu chochote. Fundi anayesema hauwezekani ahojiwe zaidi.

Uhuishaji wa jumla wenyewe una hatari ambayo wachache huiwazia. Msanifu anapochapisha upya modeli yake kutoka kwenye kompyuta yake, labda kwa sababu ya kurekebisha rangi ya grafu, mafungu yote hufutwa na historia hupakiwa upya. Marekebisho ya miaka miwili yaliyokuwa yamezuiliwa nje ya dirisha huingia yote usiku mmoja. Asubuhi, takwimu za mwaka juzi zimebadilika katika dashibodi ya umma, bila tangazo, na mwandishi wa habari aliyehifadhi picha ya zamani ana haki ya kuuliza nani amezichezea. Hali ni nzito zaidi pale chanzo kinapokuwa kimekwisha kuondoa data zake za zamani ili kupunguza ukubwa. Hapo modeli ilikuwa imebaki kuwa mahali pekee palipohifadhi historia, na kuichapisha upya ni kuifuta.

Mstari mmoja chini ya dashibodi ungepunguza sehemu kubwa ya mkanganyiko huu: takwimu za kuanzia mwezi gani zimehuishwa leo, zile za kabla ya hapo zilihuishwa lini mara ya mwisho, na dirisha linaongozwa na tarehe ya tukio au ya kumbukumbu. Taarifa hizo tatu zimo tayari katika mipangilio ya modeli. Anayeweza kuamuru ziandikwe si fundi, bali ni ofisa aliyeidhinisha dashibodi hiyo itumike katika kupanga bajeti.